Mchele, unga na sukari: shajara ya mradi wa arafa za mizigo, Lamu

Jumatatu, wiki ya kwanza

Leo mradi umeanza. Ofisi ya Ami iko Langoni, hatua chache kutoka gatini, na kazi yake ni kupeleka mizigo ya watu kutoka Amu, yaani Lamu, hadi kisiwa cha Pate: Siyu, Faza, Kizingitini na Pate yenyewe. Mteja hupiga simu jioni, karani huandika kwenye daftari, asubuhi mahamali hupakia, boti huondoka. Taabu ni moja: mteja hajui kipi kimepakiwa na kipi kimebaki mpaka boti ifike. Akikuta saruji haimo, fundi wake amekwisha kuja, na siku imepotea.

Ami anataka kila mteja apate arafa, ujumbe mfupi wa simu, kabla kamba za boti hazijafunguliwa. Tena hataki orodha yenye vistari na nambari, anataka sentensi. Nimemwelewa. Wateja wengi ni watu wazima wenye simu ndogo za vibonye, na arafa husomwa na mtoto kwa sauti huku mwenyewe akisikiliza. Kinachosikilizwa lazima kiwe maneno ya kusikilizika.

Muda nao una mwenyewe. Boti za Pate hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakipwa pale pana shida. Saa ya kuondoka haipangwi na saa ya ukutani, hupangwa na maji. Kwa hiyo programu haina nafasi ya kumsubiri mtu asahihishe sentensi kwa mkono. Ikitoka, itoke ikiwa sawa.

Natumia Python, lugha ya kuandikia programu. Mstari wa kwanza nilioandika ndio ule kila mtu huuandika:

```
ujumbe = "Tumepata " + ", ".join(vitu)
```

Aliyezoea lugha nyingine huona hili limepinduliwa, maana kitenganishi ndicho kinachotangulia na orodha ndiyo inayoingizwa ndani ya mabano. Mimi naliona sawa. Mkato na nafasi ni uzi, vitu ni shanga; unashika uzi kwanza.

Nikampelekea Bibi aliye Faza arafa ya majaribio: *Tumepata mchele, unga, sukari.* Baada ya dakika tano akapiga simu.

"Mwanangu, mbona umenikatizia? Mtoto amesoma mchele, unga, sukari, kisha akanyamaza. Nangoja kingine."

Nikamwambia ni hivyo tu, vitu vitatu.

"Basi sema *na sukari*, nijue umemaliza."

Nimeandika maneno yake juu ya ukurasa wa daftari langu. Sikuwahi kuifikiria "na" kwa namna hiyo. Kwa anayesoma kwa macho, nukta ndiyo inayoonyesha mwisho. Kwa anayesikiliza, nukta haipo. "Na" ndiyo inayomwambia kwamba kinachofuata ni cha mwisho.

Jumanne

Kitendakazi cha kwanza, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, kimekamilika:

```
def unganisha(vitu, kiungo="na"):
    vitu = [k.strip() for k in vitu if k.strip()]
    if not vitu:
        return ""
    if len(vitu) == 1:
        return vitu[0]
    mwanzo = ", ".join(vitu[:-1])
    return mwanzo + " " + kiungo + " " + vitu[-1]
```

Nilidhani vitu viwili vingehitaji sharti lao peke yao, ili mkato usijipenyeze kabla ya "na". Kumbe havihitaji. Ukiondoa cha mwisho hubaki kimoja, na kimoja hakina cha kutenganishwa nacho, kwa hiyo mkato hautokei. *Mchele na unga.* Safi. Kitu kimoja ndicho chenye matata: ukiondoa cha mwisho hapabaki kitu, na sentensi inaanza na "na" inayoning'inia: *Tumepata  na mchele.* Ndiyo sababu ya sharti la pili.

Orodha tupu niliipa jibu tupu, na kwa kitendakazi hiki hilo ni sahihi. Lakini anayekiita ni lazima aangalie kwanza. Asubuhi nilijaribu kwa simu ya karani ikatoka: *Tumepata .* Neno moja, nafasi, nukta. Mteja akipata hiyo ataona ni dharau. Nimeweka kizuizi: orodha ikiwa tupu, hakuna arafa inayotoka, karani anaonyeshwa jina la mteja ili ampigie mwenyewe.

Jumatano

Siku ya makosa. Nayaandika yote kwa sababu kila moja limenifundisha mahali pa kuangalia.

Asubuhi karani ananiita: "Hebu njoo uone." Kwenye skrini pameandikwa:

*Tumepata m, c, h, e, l na e.*

Mteja yule aliagiza kitu kimoja, na palipopaswa kuwekwa orodha yenye neno moja pamewekwa neno lenyewe, bila mabano ya mraba. Python hailalamiki, kwa sababu stringi, yaani maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu, nayo hupitiwa herufi moja moja kama vile orodha inavyopitiwa kitu kimoja kimoja. Imefanya kile hasa ilichoambiwa: imeunganisha herufi sita. Sasa kitendakazi kinauliza kwanza, je, hiki nilichopewa ni stringi? Kama ndiyo, kinakifunga ndani ya orodha kabla ya lolote.

Mchana likaja jingine. Katika orodha ya bidhaa za kudumu nilisahau mkato mmoja mwishoni mwa mstari:

```
bidhaa = ["mchele",
          "unga"
          "sukari",
          "chumvi"]
```

Python ikikuta stringi mbili zimekaa pamoja bila chochote katikati huzigandisha ziwe moja. Nikapata bidhaa mpya inayoitwa *ungasukari*. Kosa hili ni baya kuliko lile la kwanza kwa sababu halitoi onyo na matokeo yake yanakaribia kufanana na neno. Tangu leo naweka mkato hata baada ya kitu cha mwisho. Lugha inaruhusu, na ukiongeza mstari mpya kesho mkato unakuwa umekwisha kukaa pale.

La tatu lilikuwa la haki: niliingiza nambari 2 kama nambari moja kwa moja ndani ya `join`, na kiunganishi hicho kikakataa, kikasema kimetarajia stringi kikakuta nambari kamili. Hapo napenda ukali wa Python. JavaScript, lugha nyingine ya programu, ingeigeuza nambari kuwa maandishi kimyakimya, na kitu kisichokuwepo ingekiacha pengo kati ya mikato miwili. Kwa mizigo ya watu nataka programu igome mbele yangu hapa ofisini.

Alhamisi

Rafiki yangu wa Mkomani, naye anaandika programu, amepita akaniuliza kwa nini nisizungushe tu orodha na kuongeza neno moja moja kwa alama ya kujumlisha. Kwa vitu kumi haidhuru. Ila stringi ya Python haibadilishwi ikishaundwa. Kila ukiongeza neno, kwa kawaida huundwa stringi mpya na ile ya zamani hunakiliwa ndani yake. Orodha ikiwa ndefu sana, kazi ya kunakili huongezeka kwa kasi kuliko orodha yenyewe. Kiunganishi hupima kwanza urefu wa jumla, huchukua nafasi mara moja, kisha hujaza. Zaidi ya hayo, ukizungusha kwa mkono hubakiwa na mkato wa mwisho usio na kazi, ukaanza kuukwangua.

Tumekubaliana. Leo sina zaidi.

Jumamosi

Leo ndiyo siku iliyonifurahisha, ingawa imeniweka mpaka alasiri.

Kuna familia inahamia Kizingitini. Karani ameandika mzigo wao kama alivyoambiwa: kabati, kitanda na godoro lake, meza, mtungi wa gesi na jiko lake. Vitu vinne kwa hesabu ya karani, maana kitanda na godoro vimefungwa pamoja kwa kamba moja na hamali anavichukua pamoja. Programu ikatoa:

*Kabati, kitanda na godoro lake, meza na mtungi wa gesi na jiko lake.*

Isome kwa sauti. Ukifika "meza na mtungi wa gesi" unadhani umefika mwisho, kisha inakuja "na" nyingine, na sasa hujui jiko ni la mtungi au ni mzigo mwingine. "Na" mbili zinafanya kazi mbili tofauti. Moja imo ndani ya kitu, nyingine iko kati ya vitu, na kwa maandishi zinafanana kabisa.

Nilijaribu nukta mkato kati ya vitu. Kwa macho inasaidia. Kwa sikio haina sauti, na mtoto anayesoma hajui aifanyeje. Nikaiacha.

Nikatoka nikakaa barazani. Wazee wawili walikuwa wakizungumzia arusi, na mmoja akawa anahesabu waliokuja: "Amekuja bwana arusi na mamake, amekuja ami yake na wanawe, pamoja na watu wa Matondoni." *Pamoja na.* Nikaingia ndani mbio. Hivyo ndivyo watu wanavyosema wakati "na" moja imekwisha kutumika. Kiungo kizito zaidi huja kubeba kile cha nje:

*Kabati, kitanda na godoro lake, meza, pamoja na mtungi wa gesi na jiko lake.*

Inasomeka, na sikio halipotei. Sasa programu inatazama kila kitu. Kimoja kikiwa na "na" ndani yake, kiungo cha mwisho hubadilika kuwa mkato, "pamoja na".

Hapa pana tahadhari. Mara ya kwanza nilitafuta herufi *na* popote zilipo, na orodha ya matunda ikatoka: *Maembe, mapapai, pamoja na mananasi.* Nanasi lina "na" mbili tumboni mwake! Unga wa dona nao una moja. Lazima utafute neno "na" lenye nafasi kabla na nafasi baada. Nimeandika jaribio la nanasi na jaribio la dona, yakae humo daima.

Jumatatu, wiki ya pili

Ami alisoma arafa za jana akasema "tumepata" haitoshi. Mtu anataka kujua mzigo wake umo botini. Nikabadilisha: *Mchele, unga na sukari imepakiwa.* Nikaisoma mwenyewe nikaona aibu ya lugha. Imepakiwa nini?

Hapa ndipo nilipogundua kwamba kuunganisha maneno si jambo la herufi peke yake. Mchele umepakiwa. Sukari imepakiwa. Kabati limepakiwa. Kitanda kimepakiwa. Mbuzi amepakiwa. Kila kitu kinadai kitenzi chake, na orodha ikiungana inadai kitenzi cha wote. Sukari na chumvi ni za ngeli moja, basi *zimepakiwa*. Kabati na godoro ni za ngeli moja nyingine, *yamepakiwa*. Mchele na kabati hazikutani popote, hapo tunakimbilia *vimepakiwa*, kwa maana ya vitu. Mbuzi na kuku *wamepakiwa*. Na mbuzi akiwa pamoja na kabati?

Swali hilo la mwisho nimewauliza watu watano hapa gatini. Mmoja amesema "vimepakiwa". Wawili wamesema mtu hasemi hivyo, husema "mbuzi amepakiwa, na kabati pia". Hamali mmoja amesema angefuata kile kilicho karibu na kitenzi. Nahodha amecheka akasema mbuzi hapakiwi, hupandishwa. Nahodha ana haki.

Nimeanza kuongeza safu ya ngeli kwenye jedwali la bidhaa. Mpaka magharibi nimefika bidhaa sitini na kitu, na kila moja nimeipa ngeli yake ya umoja na ya wingi.

Jumanne

Nimemwonyesha Ami jedwali. Amelitazama kwa upole, akavua miwani.

"Mwanangu, hizi kazi zote za nini?"

Nikamweleza: kitenzi lazima kikubaliane na vitu.

"Aliyepakia ni nani?"

"Sisi."

"Basi sema *tumepakia*. Mzigo haujipakii."

Mara moja tatizo zima limelala. *Tumepakia mchele, kabati na mbuzi.* Mtenda ni sisi, kitenzi ni cha sisi, na orodha imehamia nyuma ya kitenzi ambako haidai chochote. Mbuzi na kabati wanakaa pamoja bila ugomvi. Kazi ya jana nusu nimeifuta, na simlaumu mtu. Tena kuna jambo ninalolipenda katika sentensi hiyo: ofisi inakubali kwamba ni yenyewe iliyopakia. "Vimepakiwa" haina mwenyewe.

Ngeli hazikuondoka zote, hata hivyo. Zimebaki katika vipimo, na humo hazikwepeki: gunia la mchele, magunia ya mchele, mfuko wa saruji, mifuko ya saruji, katoni ya maziwa, katoni za maziwa, kipande cha bomba, vipande vya bomba, mtungi wa gesi, mitungi ya gesi, trei ya mayai, trei za mayai. Lakini vipimo ni vichache, ofisini hapa havizidi kumi na tano, na kila kimoja nimekiandika mara mbili pamoja na kihusishi chake. Bidhaa yenyewe haina neno. Kinachotawala ni gunia, na lililomo ndani linafuata tu.

Idadi nimeiacha kwa tarakimu, *magunia 2 ya mchele*. Nikiandika kwa maneno ningehitaji mawili, miwili, mbili, viwili, wawili kwa ajili ya idadi ile ile. Moja mpaka tano, na nane, zote hubadilika, ilhali sita, saba, tisa na kumi zinakaa vilevile. Tarakimu inamwachia msomaji atamke mwenyewe, na kila mtoto wa Faza ataitamka sawasawa bila kufunzwa na programu yangu.

Jumatano

Arafa ya pili sasa: kilichokosekana. Kiolezo changu kilisema *Hatukupata saruji na misumari*, na mteja wa Siyu akapiga: "Hamkupata vyote, au kimoja mmekipata?" Swali la haki. Baada ya kukanusha, Kiswahili kina neno lake:

*Hatukupata saruji wala misumari.*

"Wala" inakanusha kila upande, hakuna shaka inayobaki. Kwa vitu vitatu: *Hatukupata saruji, misumari wala rangi.* Kitendakazi kilikuwa tayari kina mlango wa kiungo, kwa hiyo ni kukipa neno tu: `unganisha(vitu, "wala")`. Na tunapompa mteja hiari, *Tunaweza kuleta kesho au Ijumaa*, kiungo ni "au". Maneno matatu, mlango mmoja.

Nikiwa hapo hapo niliangalia kama kuna kilichokwisha kutengenezwa. JavaScript inacho, kinaitwa `Intl.ListFormat`. Kinatumia data za lugha zinazotunzwa na mradi wa CLDR chini ya Unicode, shirika la viwango vya herufi za kompyuta, na Kiswahili kimo: ukikipa `sw` kinaweka "na", ukikiambia ni hiari kinaweka "au". Kwa ukurasa wa ofisi tutakaoutengeneza baadaye nitakitumia bila kusita, watu wamefanya kazi nzuri. Ila "wala" hakina, na "pamoja na" ya barazani hakiijui. Kwa arafa nabaki na changu.

Alhamisi

Gharama ya arafa imepanda ghafla jana na leo. Ujumbe wa herufi 148, ambao ni arafa moja, umehesabiwa kuwa vipande 3. Nimeutazama ujumbe nusu saa bila kuona kitu. Nikaubandika upande wa kushoto wa skrini, na mwingine wa bei ya kawaida upande wa kulia, nikavuta herufi ziwe kubwa. Neno moja tu ndilo lililotofautiana: *nyama ya ng’ombe*.

Ritifaa. Karani aliandika bidhaa hiyo kwa simu yake, na kibodi ya simu ikaweka ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Kwa macho ni kitu kile kile. Kwa mtandao wa simu si kile kile. Arafa moja hubeba baiti 140. Herufi za kawaida za arafa huchukua biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaingia 160. Herufi moja tu isiyomo katika jedwali hilo la kawaida ikijitokeza, ujumbe wote hubadilishwa na kuandikwa kwa biti 16 kila herufi, na zinaingia 70 tu. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya 67, kwa sababu kila kipande hubeba pia maelezo ya kukiunganisha na wenzake. Herufi 148 kwa 67 ni vipande vitatu. Ritifaa iliyonyooka imo katika jedwali, iliyopinda haimo.

Kiswahili kwa hati ya Kirumi ni lugha yenye bahati katika jambo hili. Hatuna herufi zenye alama juu wala chini. Tuna ritifaa peke yake, na ndiyo hiyo iliyotuponyoka. Sasa kila kitu kinasafishwa kabla ya kuunganishwa: ritifaa zilizopinda hunyooshwa, alama za kunukuu zilizopinda vilevile, mstari mrefu huwa mfupi.

Neno hilo la ng'ombe lilikuwa na la ziada. Nilitaka kila bidhaa ianze na herufi kubwa katika risiti, nikatumia `title()`, ikanipa *Ng'Ombe*. Chombo hicho huiona ritifaa kama mwisho wa neno, kwa hiyo kinachofuata hukipa herufi kubwa. Ng', kwetu, ni sauti moja. Nimeacha `title()` kabisa. Nakuza herufi ya kwanza ya sentensi tu, na bidhaa zinabaki ndogo.

Ijumaa

Ofisi imefungwa mchana kwa sala. Asubuhi niliondoa vitu vinavyojirudia kwa kutumia seti, na mpangilio ukavurugika: mteja aliagiza mchele kwanza, arafa ikaanza na kiberiti. Mtu hukagua mzigo kwa mpangilio alioagizia, ndio uliomo kichwani mwake. Nimetumia `dict.fromkeys`, ambayo hutupa kinachojirudia na kuhifadhi mpangilio. Kamusi za Python zinashika mpangilio kwa uhakika tangu toleo la 3.7.

Jumamosi

Bamvua. Maji yamejaa mapema, na Ami amesema boti iondoke mapema pia.

Jana usiku niliongea na Bibi. Nikamuuliza kama arafa za siku hizi anazielewa.

"Nazielewa. Lakini mimi nahesabu kwa vidole. Nikisikia *na* nakunja kidole. Ukiruka *na*, nachelewa."

Nimeipenda sana hoja hiyo. Kina Bibi hivyo ndivyo wanavyoorodhesha: mchele na unga na sukari na chumvi, kila kitu kinaingia mlangoni na "na" yake. Kiarabu nacho hufanya vivyo hivyo, kila kitu na "wa" yake. Mikato ni desturi ya uchapishaji, na anayesikiliza haioni. Kwa hiyo nimeongeza hiari kwa mteja anayetaka, nao ndio mstari mfupi kuliko yote ya mradi huu:

```
" na ".join(vitu)
```

Kwa orodha ya vitu vinane inaongeza herufi 12 tu, si kitu. Karani ameweka alama mbele ya majina manne, Bibi akiwa wa kwanza.

Asubuhi saa 1 na nusu arafa zimetoka zote. Dakika chache baadaye simu ya ofisi imelia, Bibi. Nyuma yake nikamsikia mjukuu akirudia kumsomea polepole: "Tumepakia gunia 1 la mchele na mfuko 1 wa unga na trei 2 za mayai na katoni 1 ya maziwa."

"Yeo vidole vimekuwa vinne," akasema. "Mimi niliagiza vitano. Sukari yangu i wapi?"

Nikafungua daftari. Sukari imeandikwa, ya tatu, kwa mkono wa karani, na haikuingizwa kwenye programu. Nikamwita. Tukatoka wote wawili, na mfuko tumeukuta chini ya mkokoteni mbele ya mlango, haujaguswa. Karani ameutia begani akaenda nao mbio mpaka gatini. Kamba ya nyuma walikuwa wameshaifungua, ya mbele bado.